Mama wa Kitalu na Vyungu vya Mgomba

Dole gumba la mkono wake wa kulia halikuwahi kukauka. Hata kanisani, alipokupa mkono wa salamu, ulihisi ubaridi mahali hapo tu, na wageni walidhani ana ugonjwa. Sisi majirani tulijua. Kwa dole hilo alibonyeza vyungu vya miche asubuhi na jioni, kimoja baada ya kingine, apate kujua ni kipi kina kiu na ni kipi kimeshiba.

Tulimwita Mama wa Kitalu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la ndoa pia, lakini hata watoto wake walimtaja hivyo walipoulizwa mama yuko wapi. Mama wa Kitalu yuko kitaluni. Angekuwa wapi kwingine?

Nilimjua nilipopelekwa kufundisha shule moja ya msingi upande wa Kathonzweni, miaka ya sabini. Nyumba yangu ilipakana na kitalu cha mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kuchimba matuta shamba kwa shamba. Kati ya mlango wangu na kazi yake palikuwa na ua wa minyaa uliofika kiunoni. Karibu yote ninayoandika hapa niliyaona nikisahihisha madaftari barazani, au niliyasikia kupitia ua huo, maana sauti yake haikujua kunong'ona.

Mifuko ya plastiki iliuzwa Machakos, lakini kikundi hakikuweza kuinunua kila msimu. Vyungu vyao vilikuwa vya maganda ya mgomba. Kathonzweni ni kukavu, migomba ya maana hakuna; maganda yalitoka vilimani, Mbumbuni, yakaletwa siku ya soko yamefungwa mizigo kama kuni. Mama wa Kitalu aliyaloweka yakalainika, akayapasua kwa upana wa kiganja, akayazungusha kwenye chupa ya soda, akakunja kitako, akafunga kwa uzi wa katani. Akichomoa chupa, chungu kimesimama. Alikunja huku anagombana na mtu, huku anaimba tenzi, na siku moja nilimwona anakunja huku amesinzia, kichwa kikimdondoka, mikono ikiendelea.

Chungu cha namna hiyo kina tabia yake. Huutoi mche ndani yake unapoupanda. Unavizika pamoja, ganda linaoza ardhini na mizizi inapita. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba hakijui kungoja. Kinaanza kuoza siku ile ile ya kwanza unapokitia maji. Ukikinyima maji, mche unakauka. Ukikizidishia, kinafumuka mkononi kabla mvua haijaja. Njia iliyo katikati ya hayo mawili ni nyembamba, na yeye alikuwa akipita juu yake kila siku, na kopo lake la mafuta ya kupikia alilolitoboa kwa msumari.

"Plastiki inamvua mche nguo mbele ya watu," alikuwa akisema. "Huu wangu unaingia ardhini na nguo zake. Haujui hata kama umehama."

Maji aliyafuata kwenye mto wa mchanga nyuma ya shule, mahali alipochimba kisima chake mwenyewe na kukifunika kwa miiba. Aliyaleta kwa punda kabla jua halijachomoza, akamwagilia, kisha akarudia jua likilala. Mchana hakumwagilia hata mche ukimlilia. Maji ya saa sita, alisema, ni uji wa moto kwa mtoto mchanga. Vyungu vyote vilikaa juu ya uchanja wa miti, si chini, na miguu ya uchanja aliizungushia jivu kwa sababu ya mchwa. Mchwa wa kwetu hula mlango wa nyumba. Ganda la mgomba lenye unyevu kwao ni pilau.

Alikuwa na ugomvi wa kudumu na mbuzi. Siku moja jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa, alikuja akitafuta beberu wake, akamkuta amefungwa kwenye nguzo ya kitalu.

"Mama wa Kitalu, mbuzi wangu umemfungia nini?"

"Amekula mche wa mpapai wa mke wa karani. Akamaliza, akala na chungu."

"Chungu ni ganda tu la mgomba. Mbuzi atajuaje?"

"Sasa anajua. Mwache akae hapa anipe samadi mpaka tusameheane."

Mzee alicheka, akaketi juu ya debe, wakaongea habari za mvua hadi jioni. Beberu aliondoka kesho yake.

Lakini huyo huyo aliyewalaani mbuzi mchana, alfajiri alizunguka kwenye maboma ya watu kuomba kokwa za mukau. Mukau ni mti wetu wa mbao na wa kivuli, na kokwa yake ni ngumu kama jiwe. Mbuzi hula tunda lake malishoni, halafu usiku, wakicheua, wanaitema kokwa bomani ikiwa safi. Mama wa Kitalu aliziokota kwenye mavi, akazipasua kwa kisu juu ya jiwe, taratibu, asije akaijeruhi mbegu iliyolala ndani. Nyingi hazikuota. Zilizoota alizisemesha.

"Mbuzi ni adui yangu mchana," aliniambia, "na usiku ni mkunga wangu. Mwalimu, hapo utafanya nini?"

Jumapili alifika kanisani baada ya tenzi mbili kuimbwa, akaketi benchi la mlangoni. Mchungaji wetu, mtu wa utani, alizoea kumsalimu toka mimbarini.

"Mama wa Kitalu, leo miche imekupa ruhusa?"

"Imenipa mpaka mwisho wa mahubiri, Mchungaji. Usiyarefushe."

Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao. Ila nilimwona akigeuka kutazama nje, upande wa mashariki, na hapo hakuwa anatazama miche.

Mashariki ya kitalu, ng'ambo ya Mto Athi, Yatta, ule mwinuko mrefu, imelala imenyooka toka pembe moja ya macho hadi nyingine, kama ukuta. Nyuma ya ukuta huo ni Kitui, na huko ndiko alikotoka kuja kuolewa. Huko alikuwa na mama yake, bibi kizee asiyeona vizuri, aliyekaa kwa mke wa mwanawe. Kutoka kitaluni hadi boma lile ni safari ya miguu ya siku moja na kipande, kuvuka mto na kupanda na kushuka Yatta. Sasa sikiliza jinsi safari hiyo ilivyofungwa.

Kiangazi, Athi hupungua na watu huvuka kwa miguu, maji magotini, wakiangalia mamba. Lakini kiangazi ndipo miche iko kwenye uchanja inangoja maji kutoka mkono wake. Mvua ikianza, miche inapandwa mashambani na mikono yake iko huru. Hapo mto umejaa. Ukija kupungua tena, mbegu za msimu unaofuata zimeshachipua. Wala Athi haingoji mvua yetu. Inatoka juu, Nairobi na Machakos, na kuna siku inajaa huku kwetu mbingu zikiwa nyeupe na vumbi likitimka. Tulizoea kusema kwamba mto ule hujaa kwa mvua za watu wengine. Njia ya kuzunguka Machakos kwa basi ilikuwepo, lakini kwenda tu kulikula siku nzima na kulala njiani, na kurudi hivyo hivyo, na mvua ikinyesha basi lilikwama matopeni.

Nilipohamia pale alikuwa hajamwona mama yake kwa misimu mingi. Hakulia juu ya jambo hilo. Alilisema kama mtu anayesema habari ya mguu mbovu. "Ningeenda mwezi huu, lakini unaona." Na alionyesha uchanja kwa kidevu.

Nikamuuliza kama katika kikundi kizima hapakuwa na mwanamke wa kumwagilia siku tatu.

"Wapo," alisema. "Waliniokoa mara moja. Sitaki kuokolewa tena."

Hadithi hiyo niliisikia kwa pande mbili. Alikuwa amekwenda Mukuyuni kwenye arusi ya binti wa dada ya mume wake. Wenzake wakabaki na kitalu. Walikuwa wanawake wazuri, wakaihurumia miche kwa jua lile. Wakaiteremsha yote kutoka kwenye uchanja, wakaipanga chini, mahali penye kivuli kizuri cha ukuta wa ghala, wakainywesha kwa debe mpaka maji yakatiririka. Walikwenda kulala wamefurahi. Asubuhi miche ilikuwa imesimama vizuri, majani yanang'aa. Mama wa Kitalu alirudi jioni, akainama kuuinua mmoja. Mche ulikuja na majani yake na uzi wake. Chungu hakikuwepo. Mchwa walikuwa wamekila chote kwa chini, udongo ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Alipougusa wa pili, nao hivyo hivyo.

Mwenyekiti wa kikundi aliposimulia hayo alishika kichwa akicheka. Mama wa Kitalu aliposimulia, hakucheka. Tangu hapo hakumwachia mtu kopo. Alilalamika asubuhi na jioni kwamba amefungwa, kwamba hata mfungwa hupewa msamaha sikukuu, na mtu aliponyoosha mkono apokee kopo, yeye alilivuta kifuani.

Kisha ukaja mwaka wa njaa tuliyoiita Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa na huku nimeshika: hela ilikuwa mkononi, chakula hakikuwepo dukani. Mvua ilichelewa. Miche mingi ya mwaka ule ilikuwa ya korongo lililotokea nyuma ya shule, ambalo kila mvua lilikula ardhi na kusogea, mpaka ukingo wake ukafika nyuma ya jiko la mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mjane na jiko lile alilijenga mwenyewe. Mikau na mijohoro ilikuwa tayari, imefika urefu wa mkono, inangoja mvua ipandwe ukingoni. Mvua haikuja, na vyungu vilianza kulegea. Mizizi ilitoboa vitako, ikaning'inia chini ya uchanja kama ndevu.

Katika siku hizo alifika mchuuzi wa mbuzi, mtu wa Kitui aliyezoea kuvuka mto na mifugo. Alisimama nje ya kitalu, kofia mkononi. Mimi nilikuwa barazani, shule imefungwa.

"Mwaitu amelala," alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. "Hainuki sasa."

"Anasema nini?"

"Anauliza watu kama wewe uko. Haulizi kama utakuja. Anauliza tu kama uko."

Mama wa Kitalu alibonyeza chungu kilichokuwa mbele yake, akakibonyeza tena. "Mto ukoje?"

"Magotini. Wengine hata chini ya magoti."

"Basi kesho."

Kesho yake alfajiri nilimsikia, nikadhani anaondoka. Alikuwa amechuchumaa chini ya uchanja na wembe, anakata ndevu za mizizi. Asingeweza kuiacha hivyo, alisema, mizizi ingekauka ncha na miche ikafa yote. Kazi hiyo ilimaliza siku. Siku iliyofuata alivivika vyungu vilivyolegea ganda la pili, kimoja kimoja. Iliyofuata akawaita wanawake awafundishe kumwagilia. Aliwapanga mstari, akawaambia wabonyeze.

"Hiki?"

"Kimeshiba," alisema wa kwanza.

"Kina kiu. Na hiki?"

"Kina kiu."

"Kimeshiba, mama. Wewe nyumbani unapika kwa dole gani?"

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa inaelekea saa tano na yeye bado hajafunga leso yake ya safari. Mwenyekiti akamshika mkono.

"Mama wa watu, nenda. Korongo litanila mimi, na mimi ndiye ninayekuambia nenda. Miche ikifa, ife."

"Ikifa, jiko lako?"

"Jiko nitajenga lingine. Mama utajenga? Kila siku unasema umefungiwa. Mlango haujafungwa. Ni wewe umeuegemea."

Mama wa Kitalu alimpa kopo. Alimpa kama mtu anayempa mwenzake mtoto mgonjwa, akilishikilia kitako mpaka mwisho.

Tuliondoka pamoja kesho yake, alfajiri, nikimsindikiza hadi mtoni. Alibeba kiondo kidogo: unga kidogo alioubahatisha, leso mpya, na mukau mmoja ndani ya chungu chake, uliofungwa kitambaa chenye maji. Njiani aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliniambia jinsi mama yake alivyokuwa akimkaripia kwa kumwaga maji, alipokuwa msichana. "Alisema nitaolewa mahali pakavu ili nijifunze. Unaona ulimi wa mzazi?"

Tuliusikia mto kabla ya kuuona. Alisimama njiani, akanitazama, nami nikajifanya sijasikia. Tulipofika, kivuko hakikuwepo. Palikuwa na maji ya udongo toka ukingo hadi ukingo, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Ng'ambo, mtu na punda wake walikuwa wamesimama kama sisi. Juu yetu hapakuwa na wingu.

"Mvua ya nani hii?" aliuliza.

Aliketi juu ya jiwe, ndala mkononi, sketi ameshaipandisha tayari kwa kuvuka. Mchuuzi wa mbuzi alikuwa amesema magotini, na alikuwa amesema kweli, siku ile. Tulikaa mpaka kivuli cha jiwe kikatuhama. Maji hayakushuka hata upana wa kidole. Kisha aliteremsha sketi.

"Mwalimu, ni saa ngapi?"

"Inakaribia saa nane."

"Hawa wanawake watakuwa wameshamwaga maji kwenye jua kali."

Akainuka, akarudi mbio mbio, nami nyuma yake, nikishindwa kumfikia.

Mvua yetu ilikuja juma lile lile. Miche ilipandwa kwenye korongo, pamoja na vyungu vyake vyenye ganda mara mbili, na mingi ilishika. Siku ya kupanda alikuwa mtu wa mwisho kuondoka ukingoni. Mto haukupungua hadi mahindi yalipotoa mbelewele, na ulipopungua, aliyevuka kwanza alikuwa yule mchuuzi, bila mbuzi. Mama wa Kitalu alikuwa anakunja vyungu vya msimu mpya. Alimwona kofia iko mkononi na hakungoja aseme.

"Amezikwa upande gani wa boma?"

"Pale palipokuwa pa ndama."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kuweka mzigo. Wenzake walipokuja kukaa naye matanga, aliwagawia maganda na uzi. Walikunja siku nzima, na vyungu vyao, vibaya vibaya vile, alivipokea vyote bila kusahihisha hata kimoja.

Miezi ilivyosonga nilimuuliza kama ataenda kuona kaburi. Ilikuwa kiangazi, mto magotini.

"Kwa nani sasa?" alisema, akaendelea kubonyeza.

Baadaye mimi mwenyewe nilihamishwa, na kama serikali inavyopenda, nilipelekwa Kitui, nyuma ya Yatta. Nilifundisha huko miaka mingi. Katika miaka ya tisini nilirudi Kathonzweni kwa arusi ya mwalimu mwenzangu, kwa basi la kuzunguka Machakos, maana daraja tulilokuwa tukiahidiwa pale kivukoni lilikuwa bado ni la mikutano ya kampeni. Jioni nilipita kitaluni.

Ua wa minyaa ulikuwa umenizidi kimo. Kwenye korongo mikau ilikuwa imekuwa miti ya watu wazima, na jiko la mwenyekiti bado lilitoa moshi. Uchanja ulikuwa umejaa mifuko myeusi ya plastiki. Kikundi kilikuwa kimepata uwezo. Ila mwisho kabisa, upande wa mashariki, palikuwa na safu moja ya vyungu vya mgomba. Yeye alikuwa hapo, mgongo umepinda, kopo mkononi. Alinipa mkono. Dole lilikuwa baridi.

"Mwalimu. Sasa wewe ndiye mtu wa kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Huko bado jua linaingia nyuma ya Yatta?"

"Linaingia."

"Huku linatokea hapo hapo." Aliitazama. "Nimelitazama likitokea mpaka nimesahau lilivyokuwa likiingia."

Nilimwambia kwamba shule yangu haikuwa mbali na boma la kaka yake, kwamba pale penye kaburi nilipita mara kwa mara, hapana kivuli, jua tupu. Nikamwambia kesho narudi, na ningeweza kubeba mukau mmoja mapajani hadi Kitui na kuupanda pale, na chungu chake, bila kuuvua nguo.

Aliweka kopo chini. Kisha akaenda kwenye safu ile, akabonyeza, akapita, akabonyeza, akachagua. Ulikuwa mche mzuri, mnyoofu, shina limekomaa. Aliuinua kwa mikono miwili akaniwekea mikononi. Chungu kilikuwa na unyevu na kilikuwa chepesi kuliko nilivyotarajia.

"Bonyeza," alisema.

Nilibonyeza.

"Kina kiu au kimeshiba?"

"Kina kiu," nilisema.

Aliuchukua mche kutoka mikononi mwangu, taratibu, bila hasira, akaurudisha mahali pake kwenye safu. Akauzungusha kidogo mpaka ukakaa kama ulivyokuwa.

"Mvua ikinyesha," alisema, "nitaupeleka mwenyewe."